Daraja Lina Walinzi, Abiria Hana

Ukitaka kupeleka kifurushi Arua, Mbale au Kabale, huendi posta. Unakwenda kituo cha mabasi, unapatana bei na mtu wa mizigo, jina la mpokeaji na namba yake ya simu vinaandikwa kwa kalamu nene juu ya boksi, kisha unatoa simu na kupiga picha. Unaipiga risiti, unalipiga boksi likiwa tayari ndani ya buti, unaipiga namba ya basi. Picha zinaingia WhatsApp ya mpokeaji, naye jioni anasimama stendi akisoma namba za mabasi yanayoingia mpaka aione ile iliyo kwenye simu yake. Biashara ndogondogo nyingi Uganda zinaendeshwa hivyo, kuanzia vipuri vya pikipiki hadi magauni ya harusi, na picha ya namba ya basi ndiyo hati pekee ambayo mtumaji anabaki nayo mkononi baada ya basi kuondoka.

Kwa hiyo nilipomsindikiza shangazi yangu miaka kadhaa iliyopita, nilifanya nilichozoea kufanya. Macho yake yameanza kufifia, na binamu yangu ndiye aliyekuwa ampokee usiku. Nikampiga picha akiwa amesimama kwenye ngazi ya basi, namba ikionekana chini yake. Sikumaliza hata kuituma.

“Wewe! Nani amekuruhusu kupiga picha hapa?”

“Afande, huyu ni shangazi yangu. Anasafiri.”

“Hapa picha hapana. Lete simu.”

Nilitaka kubishana, lakini shangazi, ambaye kwa umri wake amewaona wenye sare wa kila utawala, alinishika mkono akasema, “Mpe tu, mwanangu, basi litaniacha.” Mlinzi akaifuta ile picha, akafuta na nyingine mbili zilizotangulia ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na kituo chake. Nilipomuuliza sababu, alinijibu neno moja: usalama. Wakati huohuo, kwenye lango lilelile, mabegi yalikuwa yakipita bila kufunguliwa hata moja.

Neno hilo linastahili heshima. Nchi hii inajua kwa nini usafiri unalindwa. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976 makomando wa Israeli walivamia uwanja wa ndege wa Entebbe, na tangu hapo hakuna askari wa uwanja huo anayefundishwa kuichukulia kamera kuwa kitu cha kawaida. Desemba 2010 bomu lililipuka Nairobi kwenye basi lililokuwa linajiandaa kuja Kampala. Oktoba 2021 mtu alijilipua ndani ya basi Lungala, barabara ya Masaka, na wiki chache baadaye Kampala yenyewe ikatikiswa na milipuko katikati ya mji. Aliyepanda basi siku zile anakumbuka mikono ya wakaguzi ilivyopekua mifuko ya unga na vikapu vya ndizi, na anakumbuka pia kwamba hakuna aliyelalamika.

Lakini tuangalie hatari yenyewe ilivyoingia. Mabomu yale yalibebwa. Yalikuja kama mzigo wa kawaida, na kinachozuia mzigo ni mkono unaofungua begi. Mlinzi anayepoteza dakika kumi akigombana na mpwa wa bibi mmoja juu ya picha ya ngazi ya basi amezitoa dakika hizo kwenye kazi yake halisi. Marufuku ya picha imegeuka kuwa usalama ulio rahisi kutekeleza, kwa sababu mwenye simu anaonekana kwa mbali, hana silaha, na karibu kila mara atatii.

Sheria nayo si kali kama sauti za getini zinavyotufanya tuamini. Tuna Sheria ya Siri za Serikali, iliyotungwa kwa kufuata mfano wa Waingereza, na ndiyo inayozungumzia mahali palipokatazwa na kosa la kupachora au kupapiga picha. Kiini cha kosa hilo ni nia, yaani mtu awe na dhamira ya kudhuru usalama au maslahi ya nchi. Anayemtumia binamu yake namba ya basi hayumo humo. Katiba ya 1995, ibara ya 29, inalinda uhuru wa kujieleza. Ibara ya 27 inakataza kuingilia faragha ya mtu, pamoja na mawasiliano yake na mali yake, na simu ni vyote viwili. Haki hizi zina mipaka, lakini ibara ya 43 inataka mpaka wowote uwe unaoweza kutetewa katika jamii huru ya kidemokrasia. Mwaka 2004, katika kesi ya waandishi Charles Onyango Obbo na Andrew Mwenda, Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba haki ndiyo msingi na kuzuiwa kwake ndiko kunakohitaji kuthibitishwa. Ukiyashusha maneno hayo mpaka stendi, maana yake ni kwamba anayesema “picha hapana” ndiye mwenye deni la maelezo.

Nakubali kwamba vituo vingi vya mabasi Kampala ni vya watu binafsi, na mwenye kiwanja anaweza kuweka masharti kwenye kiwanja chake. Anaweza kusema hataki kamera, na ukikataa akakuomba utoke. Sharti hilo, hata hivyo, lazima abiria alijue kabla hajalipa nauli, si baada ya kupandisha mizigo. Na haki ya kukutoa nje haizai haki ya kuingia ndani ya simu yako. Hayo ni mambo mawili yaliyo mbali kabisa, ingawa getini yanatamkwa kwa pumzi moja.

Mfano ulio wazi kuliko yote tunao Jinja. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na kwa miongo mingi barabara kuu ya kwenda Kenya ilipita juu yake. Vizazi vya abiria vimefundishwa kushusha kamera gari linapokaribia pale. Mabango yalikataza, askari walisimamia. Tarehe 17 Oktoba 2018 likafunguliwa daraja jipya, lenye urefu wa mita 525, limeninginia kwenye nyaya, zuri kiasi kwamba watu waliendesha magari kutoka Kampala kwenda kulitazama tu. Walifanya ambalo mtu yeyote angelifanya mbele ya kitu kizuri kilichojengwa kwa mkopo kutoka Japani utakaolipwa na kodi zake: waliegesha magari katikati ya daraja, wakashuka, wakapiga selfi. Ndipo marufuku ikaja.

Ndani ya marufuku ile kuna sababu mbili zilizofungwa mzigo mmoja. Ya kwanza ni ya barabarani na ni ya kweli: huwezi kusimamisha gari mahali ambapo malori ya mafuta na ya makontena kutoka Malaba yanapita mfululizo usiku na mchana, ukamweka mtoto wako ukingoni kwa ajili ya picha. Hiyo ningeitetea hata mimi. Ya pili ni kwamba picha yenyewe ni tishio, na hapo ndipo hoja inapoyumba. Sherehe ya ufunguzi ilionyeshwa kwenye televisheni. Picha za daraja hilo kutoka angani zimejaa kila mahali, na setilaiti inalipiga bila kuomba ruhusa ya askari. Adui mwenye nia hahitaji simu ya mwalimu aliyeko kwenye teksi ya kwenda Iganga. Laiti sababu ya kwanza ingetenganishwa na ya pili, jibu lingejitokeza lenyewe: pajengwe mahali pa kuegesha na kutazamia, pembeni ya barabara, penye uzio na choo na muuza chai. Watu wa Jinja wangepata riziki, na daraja lingebaki kwa magari.

Miji mingine imeshapita kwenye njia hii. New York, baada ya mashambulizi ya 2001, mamlaka ya usafiri ilipendekeza mwaka 2004 kupiga marufuku picha kwenye treni zake za chini ya ardhi. Watu wakapinga, na mwaka uliofuata pendekezo likaachwa. Kanuni zao leo zinaruhusu kupiga picha, ila si kwa taa za ziada wala stendi ya kamera. London nako abiria anaweza kupiga picha zake binafsi bila flashi, kwa sababu flashi inaweza kumpofua dereva wa treni anapoingia kituoni, na bila stendi, kwa sababu watu watajikwaa. Kinachonivutia katika kanuni hizo ni kwamba kila katazo limebeba sababu yake mgongoni. Mtu akielezwa kwamba mwanga unamuumiza dereva, anazima flashi hata pasipo na mlinzi. Akiambiwa “usalama” tu, anachojifunza ni kusubiri mlinzi ageuke.

Miji hiyo ina matatizo yake na sisi tuna yetu. Jambo ambalo sisi tumelisahau kabisa, nami naliona zito kuliko daraja na kituo, ni abiria mwenyewe.

Ingia kwenye teksi, ndivyo tunavyoiita matatu huku, yenye leseni ya abiria kumi na wanne. Magoti ya nyuma yanagusa mgongo wako. Mama ananyonyesha. Mzee aliyetoka hospitali ya Mulago amelala, kinywa wazi, bahasha ya eksirei juu ya mapaja. Binti aliyevaa sketi anajitahidi kupita kwenye kile kiti cha kukunjwa. Kijana wa nyuma ameinua simu. Jioni tayari wote wako TikTok, na maelfu wanamcheka mzee kwa namna anavyolala. Hakuna askari aliyesema “picha hapana.” Hakuna bango. Zege la Jinja lina walinzi wenye bunduki, na mzee yule hana hata kondakta wa kumtetea.

Sheria ya kumtetea ipo. Tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha, inayotaka mtu akubali kabla taarifa zinazomtambulisha hazijachukuliwa na kutumiwa, na kwa mtoto inataka ridhaa ya mzazi au mlezi. Uso ni taarifa inayomtambulisha mtu kuliko jina lake. Lakini hiyo ni sheria ya ofisini. Haijawahi kupanda teksi. Mpaka itakapopanda, tutategemea adabu, na adabu hiyo hatuhitaji kuiagiza kutoka popote. Tunalo neno stara. Tunajua kwamba nyumba ya mtu haiingiwi bila hodi hata kama mlango uko wazi. Mtu aliyebanwa kwenye kiti cha teksi hana mlango, na kwa sababu hiyo anastahili hodi zaidi kuliko aliye kwake.

Kipimo changu ni umbali. Kuna ile picha ya Old Taxi Park ambayo kila mgeni wa Kampala anaitaka: unapanda jengo mojawapo lililouzunguka uwanja, unatazama chini, unaona teksi nyeupe zenye mistari ya bluu zimesongamana kama samaki kwenye tenga. Uwanja ulifungwa mwaka 2020 ukakarabatiwa, na bado picha ile haijapoteza nguvu. Sioni dhambi yoyote ndani yake. Mle hakuna mtu, kuna mji. Ukishuka chini, ukasogea mpaka uso unasomeka, umeshaingia kwenye maisha ya mtu na inabidi ubishe.

Na akikataa, ana sababu zake. Mwanamke anayeuza maji na biskuti kati ya teksi hajakataa picha kwa ushamba, kama nilivyowahi kusikia wapiga picha wakisema. Amefukuzwa mara nyingi na watu wa jiji, bidhaa zake zimewahi kuchukuliwa, na kwake kamera ni ushahidi unaokusanywa dhidi yake. Waendesha boda wa steji watakuuliza, “Unakwenda kutuuza wapi?” Ni swali halali kabisa. Ng'ambo ziko picha zao nyingi, nzuri, zimewaingizia watu fedha, na wao hawajaziona. Mimi nikimpiga mtu wa boda picha, huwa naomba namba yake na kumtumia hapohapo. Mara nyingi ndiyo anayoiweka kwenye wasifu wake wa WhatsApp. Akiomba ya soda nampa, maana amesimama kwa ajili yangu wakati ambapo angembeba abiria.

Watoto wa shule waliopakiwa watatu juu ya boda moja: usipige. Au piga ukiwa na lengo la kuonyesha hatari hiyo, na ufiche nyuso.

Kwenye ajali ndiko mambo yalikoharibika zaidi. Barabara ya Kampala kwenda Gulu na ile ya Masaka zimemeza watu wengi mno, na siku hizi simu zinafika kabla ya ambulensi. Mwanamke wa kijiji anavua leso yake kumfunika marehemu. Anakuja mtu na kuinua ncha ya leso ili uso uingie kwenye video. Nimeona familia ikipata habari za msiba kwa njia hiyo, kwenye kundi la ukoo, kabla polisi hawajapiga simu. Kwa hilo sina mizani ya kupima pande mbili. Anayeifunua maiti ya mtu kwa ajili ya kamera ameivua stara ya mwisho aliyobakiwa nayo binadamu, na anayeisambaza ameshiriki.

Ila stara isigeuzwe ngao ya mkosaji. Dereva wa basi anayelipita lori kwenye kona, kondakta anayemsukuma mjamzito nje kwa sababu ya shilingi mia tano, afisa anayenyoosha mkono dirishani: hao wako kazini, wanahudumu hadharani, na kuwarekodi ni njia pekee ambayo mnyonge anayo ya kuaminiwa. Mwaka 2023 malalamiko ya abiria kuhusu kuombwa hongo Entebbe yalisikika kwa sababu yalienea mitandaoni pamoja na video, na mamlaka zikalazimika kujibu. Malalamiko ya mdomo yalikuwepo miaka yote. Ukirekodi ya namna hiyo, lenga namba ya gari na tendo lenyewe, abiria wengine uwaache nje ya fremu, na upeleke kwanza kwa wanaoweza kuchukua hatua. Tena tukumbuke kwamba tangu 2018 polisi wametandaza maelfu ya kamera juu ya barabara za Kampala na vitongoji vyake. Dola inatuona tukiingia na kutoka. Haiwezi kuwa haki kamera zitazame upande mmoja tu.

Kuna hatari nyingine ya kawaida ambayo sitaisemea sana: simu inayonyooshwa nje ya dirisha kwenye foleni ya Clock Tower haitadumu mkononi. Makondakta wenyewe huonya, “Dada, funga dirisha,” na wanajua wanachosema.

Reli nayo ina adabu yake, na hapa mauti yako karibu zaidi. Treni ilifika Kampala mwaka 1931, na mpaka leo njia yake inapita katikati ya watu. Huduma ya abiria ya mjini ilirejea 2018 baada ya mkataba wa Rift Valley Railways, kampuni iliyokuwa ikiendesha reli, kuvunjwa, ikasimama 2023 ili reli ikarabatiwe, ikarudi 2024. Kireka na Namboole watu wanatembea juu ya mataruma kama wanavyotembea kwenye uchochoro wa nyumbani, wanauza nyanya kando ya reli, na vijana wa picha za mitandaoni wanakaa katikati ya reli mbili kwa sababu mistari ile miwili inapendeza ikikutana mbali. Treni haina usukani wa kukwepa, na breki zake zinahitaji umbali mrefu. Picha ya kituo, ya behewa, ya umati wa jioni unaorudi Namanve, hiyo ina thamani kubwa. Siku moja wajukuu wetu wataitafuta. Ya kukaa relini haina.

Nasema haya sasa kwa sababu wakati ni huu. Oktoba 2024 serikali ilitia saini mkataba na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki wa kujenga reli mpya ya kisasa kutoka Malaba hadi Kampala, kilomita 272, na mwezi uliofuata kazi ikazinduliwa. Kutajengwa vituo. Kila kituo kitakuwa na kuta, na juu ya kuta hizo kutabandikwa mabango. Ikiwa hakuna atakayefikiria maneno ya mabango hayo mapema, tutapata lilelile la zamani, kamera nyeusi yenye mstari mwekundu, na chini yake mlinzi anayejitungia sheria kadiri jua linavyomchoma.

Nataka pia maneno hayo yaandikwe kwa Kiswahili, pembeni ya Kiingereza na lugha ya mahali. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likakubali kifundishwe kama somo la lazima. Lakini kwa Waganda wengi Kiswahili bado ni sauti ya geti na kambi, tangu enzi za King's African Rifles, jeshi la wakoloni wa Kiingereza: simama, leta, fungua, futa. Ile amri niliyopewa siku ya shangazi ilitolewa kwa Kiswahili na mtu ambaye, nina hakika, nyumbani kwake anazungumza lugha nyingine. Sisi tuliozaliwa ndani ya lugha hii, Bombo, Kisenyi, Busia na Malaba, tunajua kwamba ina maneno ya kumwomba mtu, kumweleza na kumsitiri. Bango la kituo ni mahali pazuri pa kuyaonyesha. Mimi ningeliandika hivi:

Karibu. Unaweza kupiga picha kwa matumizi yako. Tafadhali zima flashi, inampofua dereva. Usivuke mstari wa njano. Muombe mtu kabla hujampiga picha, akikataa, mwache. Mtoto asipigwe bila mzazi wake kukubali. Chumba cha mitambo na eneo la ukaguzi haviruhusiwi picha. Mlinzi anaweza kukuomba uache, na lazima akueleze sababu. Haruhusiwi kuchukua simu yako wala kufuta picha zako. Likitokea hilo, mpigie msimamizi wa kituo kwa namba hii.